Vigingi Kumi na Vinne vya Frambuazi

Siku ile mjinga alikuwa Bisimwa mwenyewe, na hata yeye baadaye hakulikataa. Walikuwepo wengine wa kulaumiwa, kama mvua, kama serikali, kama marehemu mkewe aliyeondoka bila kumwachia maelezo, na Bisimwa aliwajaribu wote mmoja mmoja kabla lawama haijamrudia. Lakini aliyebeba ile miti mibichi begani, akashuka nayo mteremko wa Nguba huku akijipongeza kwa kuokoa jasho, alikuwa yeye na si mwingine.

Ilikuwa Jumamosi ya salongo, mwishoni mwa Septemba, miaka ile nchi ikiitwa Zaïre na kila mtu akiitwa sitwayeni, yaani raia. Kila Jumamosi watu walitoka na mapanga kulifanyia taifa kazi ya bure, na siku hiyo mtaa wao ulipewa kufyeka lugo, zile nyua za miti hai, zilizoota kandokando ya barabara mpaka magari yakawa yanapita kwa kuomba. Kufikia saa tano palikuwa na rundo la matawi marefu, mabichi, yamenyooka kama yamepigwa rula. Wenzake waliona takataka. Bisimwa aliona vigingi.

Na vigingi alivihitaji kweli, kwa sababu ya frambuazi za Colombe.

Colombe, mkewe, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Enzi za uhai wake aliwapikia masista konfitiri, jamu ya matunda, na siku moja alirudi nyumbani na machipukizi sita ya frambuazi, yale matunda mekundu ya miiba, yamefungwa kwenye gunia bichi kama mtoto mchanga. Aliyapanda kwenye ukingo wa chini wa bustani, pale kiwanja chao kinapokutana na cha jirani. Kila mwaka aliyafunga, akayakata, akayasemesha, na kila mwaka Bisimwa alikula bila kuuliza swali. Alikuwa na udhuru. Alikuwa ametunza magasini, ghala la kiwanda cha kwinini, miaka thelathini na mmoja, na kwake mti ulikuwa kitu kinachofika kimekwisha kukauka, ndani ya gunia, na namba juu yake.

Colombe alipokufa, mashina yalisimama kwa mazoea mwaka mmoja. Mwaka wa pili yalianguka. Yalilaliana matopeni kama walevi wa mkesha, miiba ikishikana na miiba, na matunda yaliyoiva yaliliwa na siafu kabla mwanadamu hajaamka. Asubuhi moja Bisimwa alisimama juu yao na kikombe cha chai mkononi, akaona aibu, ile aibu ya mtu anayetazamia mgeni na kitanda hakijatandikwa.

Akaenda kwa Grégoire, mzee mtunza bustani ya masista, ambaye ndiye aliyempa Colombe yale machipukizi sita. Grégoire alimfundisha akiwa ameinama, bila kumtazama, kama watu wa udongo wafanyavyo.

"Ile shina ilizaa déjà, ukiona imekuwa ya kahawia na inabambuka, kata mpaka chini. Haitazaa tena. Ile ya kijani, ya mwaka huu, acha tano, sita kwa kila shimo. Ndiyo itakulisha kesho. Sasa piga vigingi kwa musitari, waya mbili, moja ku magoti, ingine ku kifua. Funga na kamba ya mugomba, lakini usikaze. Kidole ipite."

"Vigingi ya nini, papa?"

"Kalitusi. Ya kukauka. Na maganda utoe yote."

Kati ya maneno hayo yote, Bisimwa alirudi nyumbani na neno "vigingi". Miti ya kalitusi ilikuwa juu kabisa mlimani, na magoti yake yalikuwa na umri uleule wa mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi ile, salongo ilipokwisha, alichagua matawi kumi na manne kwenye rundo, akayachonga ncha, akayapiga ardhini kwa nyundo kwenye ukingo wa bustani. Mwenye magasini ni mwenye magasini tu: alivuta uzi, akapima hatua, na mstari ukatoka umenyooka hata padre angeutumia kupangia waumini. Akavuta waya. Akakata ya kahawia, akainua ya kijani moja moja, akachanwa mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akafunga kwa kamba za mgomba na kujaribu kila fundo kwa kidole. Jioni frambuazi zilikuwa zimesimama. Akarudi nyuma hatua tatu ili aone vizuri, akageuka kumwonyesha mtu.

Hapakuwa na mtu. Philémon alikuwa ameondoka juzi yake.

Huyu Philémon ndiye jirani wa upande wa chini. Zamani alichimba dhahabu kwao Luhwindja, mpaka shimo lilipomwangukia mguu. Akaja mjini na mkewe Séraphine, kigongo kimoja cha kutembelea, na ulimi usiojua kuchechemea. Serikali ilikuwa imeyafuta majina ya ubatizo, lakini ilisahau kuwaambia wake za watu, kwa hiyo alibaki Philémon. Kati ya viwanja vyao viwili hapakuwahi kuwa na ua. Palikuwa na ukanda wa majani tu, na mbuzi wa kila mmoja aliamini ni wake.

Tangu Colombe azikwe, kila siku saa kumi na moja Philémon alivuka yale majani na kiti chake, akaketi, akaanza ugomvi. Waligombana juu ya timu za mpira, juu ya nani alipigwa zaidi na ma-Belji, juu ya maharage, ya kupanda juu au ya chini, yapi yanajaza tumbo. Philémon akisema nyeupe, Bisimwa alisema nyeusi, na wala hakukumbuka tena alichokuwa akiamini kabla. Kisha mmoja wao akasema "Mungu akuhurumie na kichwa yako", na Philémon akabeba kiti akaenda kula. Ilikuwa saa moja tu. Lakini kwa siku nzima ndiyo saa pekee ambayo Bisimwa alisemeshwa. Mwanawe wa kiume alikuwa Kinshasa, na barua za Kinshasa zilikuja kama mvua ya kiangazi cha Julai. Binti yake Agnès alikuwa Kisangani na mume asiyependa safari.

Sasa Philémon na Séraphine walikuwa wamekwenda Luhwindja kumzika dada wa Philémon. Walikaa huko wiki sita.

Bisimwa hakuwahi kujua kwamba jioni ni ndefu vile. Alikula saa kumi na moja ili kitu kitokee saa kumi na moja. Aliwasha redio, redio ilimsifu kiongozi, ikapiga muziki, ikamsifu tena kiongozi, na Bisimwa alianza kuijibu. Mwanzoni alijibu moyoni. Baadaye kwa sauti. Ilifika mahali msomaji wa habari akisema mavuno ya kahawa yamepanda, Bisimwa anamwuliza, "Ku shamba ya nani, papa? Taja jina." Na msomaji, kwa ustaarabu wake, anaendelea na hali ya hewa.

Mvua zikashuka. Siku moja aliona vigingi vyake vimetoa vidoti vya kijani. Wiki iliyofuata vilikuwa majani. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye alifurahi, aliona bustani nzima imeamua kumchangamsha, mpaka na kuni. Frambuazi nazo zilichanua, nyuki wakaja, na matunda yakaanza kuwa mekundu yakining'inia kwenye waya, mbali na tope na siafu.

Philémon alirudi Jumanne, katikati ya Novemba. Bisimwa alimwona kutoka dirishani: amesimama kwenye ukanda wa majani na sanduku mkononi, anatazama. Alitazama mstari wote, kutoka kigingi cha kwanza mpaka cha kumi na nne, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Kisha akaingia nyumbani kwake.

Saa kumi na moja kiti hakikuvuka.

Kesho yake Philémon aliketi upande wa pili wa nyumba yake, uso kwenye ziwa, mgongo kwa Bisimwa. Kesho kutwa vilevile. Bisimwa alijiambia ni msiba, msiba una namna zake, naye alikuwa na haki ya kulijua hilo. Akachuma frambuazi. Frambuazi iliyoiva haing'ang'anii. Ukiigusa inavulika kama kofia na kuuacha moyo wake mweupe kwenye kikonyo. Alijaza bakuli la enameli, akavaa koti, akaenda kutoa pole.

Philémon hakumwambia keti.

"Pole ya dada, papa."

"Asante."

"Nimeleta frambuazi. Mwaka huu zimesimama."

"Nimeona zimesimama."

"Onja basi."

"Matunda ya upande yako, ukulie ku upande yako," akasema Philémon, na kuligeukia tena ziwa kama vile ziwa ndilo lililokuwa limemwita.

Bisimwa akarudi na bakuli lake. Jioni hiyo alikula frambuazi zote peke yake, akizihesabu kwa kupoteza muda, na alipofika mia moja na kitu tumbo lilimuuma. Usiku ule hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Wiki tatu zilipita namna hiyo. Aliitafuta sababu kama alivyokuwa akitafuta gunia lililopotea magasini: alianza mlangoni akaenda mpaka ukutani. Je, alisahau salamu? Je, mbuzi? Je, lile neno alilosema Agosti juu ya timu ya Philémon? Aliomba radhi kwa hewa juu ya yote matatu. Jioni alisikia sauti ya Philémon ikimgombeza Séraphine kwa chumvi, kwa mlango, kwa kuku, na moyoni alimwonea Séraphine wivu. Naye aliongeza sauti ya redio. Matunda yaliiva zaidi ya uwezo wa mtu mmoja. Yalianguka yenyewe, na siafu, ambao hawana kinyongo na mtu, walirudi.

Grégoire ndiye aliyemfumbua macho. Alipita Jumapili moja baada ya misa kuona kazi ya mwanafunzi wake. Alisifu waya. Alisifu mafundo, akapitisha kidole. Kisha akashika kigingi kimoja, akakitikisa, na kigingi hakikutikisika.

"Nilikuambia kalitusi ya kukauka."

"Nilipata hii karibu, papa."

"Na maganda?"

"Nilisema yatanyauka yenyewe."

Grégoire alitazama yale majani mapana, akatazama nyumba ya Philémon, akavua kofia yake na kujikuna kichwa. "Hii iko miti ya lugo, Bisimwa. Ukichoma tu mu udongo, inashika. Ulipanda mupaka hapa. Philémon alikuwa wapi wakati unapanda?"

"Alikuwa ku kilio. Luhwindja."

Mzee aliachia kigingi, akafuta kiganja kwenye suruali.

"Mupaka inapandwaka na watu wawili," akasema. "Mwenye huku na mwenye kule, na wazee, na pombe ya kasiksi ya kutosha. Mutu akipanda peke yake, na jirani iko ku kilio, iko sawa na kumwambia: ubakie kule na wafu yako, mimi sikujue tena. Kwetu watu waliuana juu ya muti moja. Weye umepanda kumi na ine."

"Mimi nilizaliwa mu kambi ya wafanyakazi, papa. Mupaka yetu ilikuwa ukuta ya matofali. Hakuna aliyeipanda."

"Philémon anajua weye ulizaliwa mu kambi?"

"Anajua."

"Basi anajua, na inamuuma vilevile," akasema Grégoire. Akavaa kofia, akachuma frambuazi tatu za njiani, akaenda zake.

Bisimwa hakungoja. Alichukua jembe, akaanza na kigingi cha kwanza. Alidhani atakivuta kama msumari. Alichimba nusu saa. Chini kulikuwa na mizizi mipya, myeupe, na mizizi ya frambuazi ilikuwa imeizunguka na kusukana nayo hata usijue ya nani ni ipi. Kila alipopiga jembe waya ulitetemeka mstari mzima, na matunda yakadondoka topeni, tap, tap, tap. Aliona pia jambo ambalo hakuwa ameliona: machipukizi manane ya frambuazi yalikuwa yamepita chini kwa chini na kutokeza kwa Philémon, katikati ya maharage ya Séraphine, yamesimama wima bila kigingi cha mtu.

Akapumzika kidogo. Aliijua maana yake. Akiving'oa vyote kumi na vinne, frambuazi za Colombe zimekwisha. Asipoving'oa, jioni zake zimekwisha. Alisimama pale, mpini kifuani, miaka ya Colombe upande huu na Philémon upande ule, kisha akainua jembe tena.

"Unafanya nini?"

Philémon alikuwa amesimama ng'ambo ya mstari na kigongo chake. Nyuma yake, kwenye kibaraza, Séraphine alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na hakuinua kichwa.

"Nang'oa," akasema Bisimwa. "Papa Grégoire alinielezea. Mimi sikujua, ndugu yangu. Ilikuwa vigingi ya frambuazi."

"Kigingi inaota majani?"

"Hii iliota."

"Miaka makumi tatu unaandika mu magasini, hujue muti mubichi inaota?"

"Mu magasini hakuna kitu iliwahi kuota."

Kwenye kibaraza ungo ulisimama kidogo, ukaendelea.

"Dada yangu alikuwa hajamaliza miezi mbili mu udongo," akasema Philémon, na sauti yake ilikuwa chini. "Nafika hapa na sanduku, nakuta lugo. Nikasema, bon, na huyu naye alikufa."

"Basi naitoa yote. Leo."

"Acha."

"Niache nini? Si ndiyo imekukasirikisha?"

"Ukitoa sasa na matunda iko juu, mutaa yote itasema Philémon alimaliza frambuazi ya maman Colombe. Yule mama alinilisha konfitiri na kijiko wakati nilifika hapa na mguu ya kuvunjika. Mimi nitaweka uso wapi?"

"Basi naiacha."

"Ukiacha, watasema Philémon alinyang'anywa kiwanja yake ku kilio, akanyamaza."

"Sasa nifanye nini, Philémon?"

"Ungeuliza mbele."

"Ulikuwa haupo."

"Ungengoja."

"Ningengoja na nani?" akasema Bisimwa. Alitaka iwe mzaha. Ilitoka jinsi ilivyotoka.

Philémon aliangalia kigongo chake. Lakini alikuwa mtu wa Luhwindja, na mtu wa Luhwindja akishaanza shauri hulifikisha kwa wazee. "Tufanye sawa inavyofanywaka," akasema. "Mimi naita wazee tatu ya kwetu. Weye ita tatu yako. Wakae hapa, waangalie hii musitari, waseme iko mupaka ao haiko. Kisha kila mutu atajua."

Bisimwa alifikiri. Kaka yake alikuwa amekufa Kalemie. Mashemeji waliacha kuja baada ya matanga. Wa kiwandani, nusu walikuwa makaburini, na nusu nyingine wangeuliza kwanza yeye ni Bisimwa yupi.

"Mimi sina tatu," akasema.

"Leta wawili."

"Wawili pia sina."

"Leta hata mumoja, basi, ili watu yangu wasiseme nilikuonea."

Hapo Séraphine aliweka ungo chini.

"Mupaka inapandwaka na watu wawili, ulinifundisha weye," akasema kutoka kibarazani, bila haraka. "Huyu alipanda peke yake, basi haiko mupaka. Anakulaka peke yake, anabishanaka na redio peke yake, na weye unaisikia ile redio kila magharibi, unageuza kiti ku ziwa. Enda uite watatu yako, Philémon. Mumoja ya Bisimwa iko hapa, anachambua maharage yako."